Mwongozo kamili: kupiga picha sanamu moja ya mjini kwa miaka mingi, na picha zikalingana

Wengi wanaoanza kazi hii hukwama mahali pamoja. Baada ya miaka mitatu mtu ana picha thelathini nzuri za sanamu moja, akiziweka pamoja hazisemi kitu. Katika moja jengo la nyuma limejitokeza begani mwa sanamu, katika nyingine limejificha. Shaba ni ya kahawia mwaka huu, ya kijani mwaka jana, na hakuna anayeweza kusema kama ni sanamu iliyobadilika au ni jua, mvua na kamera.

Dawa yake si kamera ghali. Namna vitu vinavyopangana katika picha, kipi kimefunika kipi na kwa kiasi gani, huamuliwa na mahali lenzi ilipokuwa imekaa. Lenzi ukiibadilisha unaweza kukata picha ikarudi sawa. Mahali pakibadilika hakuna programu itakayokurudisha pale. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kusimama: kupachagua mahali, kupapima, na kuparudia mwaka hata mwaka.

## Vifaa

- Kamera yenye uwezo wa kuhifadhi faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaichakata, na lenzi moja isiyovuta, yaani yenye urefu wa fokasi usiobadilika. Simu inafaa pia, kwa masharti yatakayotajwa hapa chini.
- Tripodi imara yenye kichwa kinachokazwa.
- Pimamaji ndogo, hata kama kamera ina yake ya ndani.
- Timazi. Uzi wenye nati nzito mwishoni unatosha.
- Futi ya chuma ya mita 10 au zaidi. Futi ya kitambaa hutanuka, usiitumie.
- Chaki.
- Kadi ya kijivu au kadi ya rangi yenye miraba 24, ndani ya mfuko wake usiopitisha mwanga.
- Rula ya sentimita 20 yenye alama nyeusi na nyeupe.
- Daftari na penseli. Wino huyeyuka mvua ikinyesha, penseli haiyeyuki.
- Nakala ya karatasi ya picha mama, kuanzia ziara ya pili. Maana ya picha mama utaiona katika hatua ya 4.

## Kabla ya yote: ruhusa

Uliza wanaosimamia eneo kama tripodi inaruhusiwa, na upate jibu la maandishi ulibebe kila ziara. Walinzi hubadilika, barua haibadiliki.

Haki za msanii ni jambo jingine kabisa. Sheria hutofautiana nchi kwa nchi. Ujerumani inaruhusu kupiga na kutumia picha za kazi zilizowekwa mahali pa umma kwa kudumu. Marekani ina msamaha wa namna hiyo kwa majengo tu, sanamu haimo. Ufaransa, tangu 2016, huruhusu watu binafsi kutumia picha hizo mradi si kwa biashara. Kupiga kwa ajili ya kumbukumbu yako ni rahisi karibu kila mahali. Ukitaka kuchapisha au kuuza, soma sheria ya nchi ilipo sanamu kabla hujaanza, si baada ya miaka kumi.

## Hatua ya 1: Chagua vituo vichache

Kituo ni pale lenzi inapokaa. Anza na kituo kikuu kimoja na vituo vya pembeni visivyozidi vitatu, ili sanamu ionekane mbele, nyuma na ubavuni. Ongeza picha za karibu zisizozidi sita. Ziara nzima iishe ndani ya saa moja na nusu.

Sababu ya uchache huu ni uvumilivu. Mtu anayeanza na vituo kumi na viwili huacha mwaka wa pili. Picha moja iliyorudiwa mara ishirini ina thamani kuliko picha arobaini zilizorudiwa mara mbili.

Kituo kikuu kizuri kina sifa hizi:

- Nyuma ya sanamu kuna kitu kisichohama, kama kona ya jengo kongwe au mstari wa madirisha. Anga tupu ni adui, kwa maana haina cha kulinganishia.
- Hakipo kwenye njia ya magari wala juu ya bustani inayolimwa upya kila msimu.
- Hakuna mti mchanga kati yako na sanamu. Mti wa kimo chako leo utaziba kila kitu baada ya miaka minane.
- Umbali wake ni angalau mara mbili ya kimo cha sanamu.

Hilo la mwisho lina hesabu yake. Chukua sanamu ya mita 6, kituo kikiwa mita 12, lenzi ya milimita 35 kwenye kihisi (sehemu ya kamera inayopokea mwanga) kamili cha milimita 36 kwa 24. Kamera ikishikwa mlalo huona kimo cha mita 8.2 pale ilipo sanamu. Inaonekana inatosha. Lakini kamera iliyosawazishwa kwenye kimo cha mita 1.5 hugawa kimo hicho nusu juu na nusu chini, kwa hiyo inaishia mita 5.6 kutoka ardhini, na kichwa cha sanamu kimekatwa. Wengi hapo huinua kamera kidogo iangalie juu, na mistari ya majengo inaanza kuangukiana. Usiinue. Igeuze kamera wima: sasa inaona mita 12.3, na juu inafika karibu mita 7.7. Sehemu ya chini ya picha itajaa sakafu ya uwanja, nayo si hasara. Sakafu ina mifuniko ya chemba na mistari ya mawe ambayo itakusaidia sana miaka ijayo.

## Hatua ya 2: Chagua tarehe na saa

Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kila dakika 4. Ukichelewa nusu saa, vivuli vya uso wa sanamu vimegeuka nyuzi saba na nusu, na shavu lililokuwa na mwanga linaweza kuwa gizani.

Tarehe nazo hazilingani kwa usalama. Karibu na Juni 21 na Desemba 21 njia ya jua angani hubadilika polepole sana: ukichelewa wiki moja, tofauti haifiki hata nusu ya nusu ya nyuzi. Karibu na Machi 20 au Septemba 22, wiki hiyo hiyo inaleta tofauti ya nyuzi karibu tatu. Kwa hiyo chagua tarehe iliyo karibu na Juni 21 au Desemba 21, ujiachie dirisha la siku saba kila upande. Mvua, ugonjwa na sherehe za mjini zitakuja tu, na dirisha hilo ndilo litakalookoa mwaka wako.

Angalia pia jua linaangukia upande gani. Karibu na ikweta, jua la mchana wa Juni hupita kaskazini na la Desemba hupita kusini, hivyo uso unaopata mwanga Juni unaweza kuwa kivulini Desemba. Mbali na ikweta, jua la majira ya baridi huwa chini, na majengo ya jirani huweza kuifunika sanamu mchana kutwa. Nenda ukaone kwanza.

Andika saa kwa UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima isiyosogezwa kwa majira, na kamera yako iwe kwenye UTC daima. Miji mingi husogeza saa mbele na nyuma kila mwaka, jua halisogei nayo. Wasomaji wa Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada: saa tatu asubuhi ni 09:00 kwa saa ya mashine, nayo kwa Afrika Mashariki ni 06:00 UTC. Katika daftari tumia mtindo mmoja tu, wa saa 24, la sivyo atakayelisoma baadaye hatajua kama "3" ni saa yetu ama ya mashine.

Ikiwezekana fanya ziara mbili kwa kila dirisha: moja ya jua kali, kwa ajili ya umbo, na moja ya wingu jepesi lililoenea, kwa ajili ya rangi na hali ya uso. Ikibidi kuchagua moja, na lengo lako ni kufuatilia uchakavu, chagua wingu.

## Hatua ya 3: Pima kituo

GPS ya simu haitoshi. Uwanjani inaweza kukosea mita kadhaa, na kati ya majengo marefu hukosea zaidi. Itakufikisha mtaani, haitakufikisha kituoni.

Simamisha tripodi. Weka katikati ya lenzi kwenye kimo cha sentimita 150 kutoka ardhini, au kimo kingine chochote unachoweza kukirudia. Sawazisha kamera kwa pimamaji pande zote mbili. Kisha ning'iniza timazi, uzi ukigusa ukingo wa mbele wa lenzi, uache litulie, na utie alama ya chaki ardhini. Pima kutoka kwenye lenzi, si kutoka katikati ya tripodi, kwa sababu kamera utakayokuwa nayo baada ya miaka kumi itaketi tofauti juu ya tripodi hiyo.

Sasa pima kutoka kwenye alama hadi vitu vitatu visivyohama. Vipimo viwili huacha sehemu mbili zinazowezekana. Cha tatu huchagua moja na pia hufichua kosa la kusoma futi. Vitu hivyo viwe vimetawanyika kukuzunguka. Vikiwa karibu katika mstari mmoja, kosa dogo la futi linakuwa kosa kubwa la mahali.

Kona za majengo ndizo bora. Kitako cha sanamu ni kizuri, ila kisiwe tegemeo lako la pekee, maana sanamu huhamishwa. Nguzo za taa hubadilishwa. Vigae vya sakafu hung'olewa na kupangwa upya, tena mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Angalau vitu viwili kati ya vitatu viwe ni sehemu ya jengo.

Shika futi mlalo. Ukipima mita 10 huku upande mmoja ukiwa juu zaidi kwa mita 1, futi itasoma mita 10.05. Sentimita tano hizo zimepotea kabla hujaanza kazi.

Mwisho, piga picha za tripodi yenyewe ikiwa kituoni, kutoka pande tatu, na picha moja ya alama ya chaki ukiangalia chini. Usipake rangi, usipigilie msumari. Si mali yako, na alama za namna hiyo hufutwa.

Umefaulu ikiwa unaweza kuondoa kila kitu, kunywa maji, kisha kurudi na kuipata alama ya chaki kwa futi peke yake ndani ya sentimita mbili.

## Hatua ya 4: Piga picha mama

Hii ndiyo picha ambayo nyingine zote zitafuata. Itengee siku yake.

Mpangilio: ISO 100 (wepesi wa kihisi kwa mwanga), tundu la lenzi f/8, spidi ya shata kulingana na mwanga, faili ghafi. Mizania ya weupe uiweke kwenye mwanga wa mchana na uifunge hapo; ukiiacha ijiamulie, itaondoa kimyakimya mabadiliko ya rangi unayotaka kuyaona. Zima kitulizaji cha mtikisiko kamera ikiwa juu ya tripodi. Lenga fokasi kwenye sehemu moja ya sanamu utakayoiandika, kwa mfano ukingo wa mkono wa kushoto, kisha ihamishe fokasi iwe ya mkono. Tumia kipima muda cha sekunde 2.

Piga fremu tatu: moja sawa, moja yenye mwanga pungufu kwa hatua moja (nusu ya mwanga), moja yenye mwanga zaidi kwa hatua moja (mara mbili). Baadaye piga fremu nyingine yenye kadi ya rangi ikiwa imeshikwa karibu na sanamu, mwanga ule ule ukiiangukia. Kadi isiguse sanamu.

Kwa simu: tumia lenzi kuu tu, usikuze, na hifadhi katika DNG (aina ya faili ghafi) kama inawezekana. Simu nyingi huchanganya fremu kadhaa na kung'arisha vivuli zenyewe, na programu mpya hubadilisha namna ya kufanya hivyo. Ndiyo maana JPEG za simu hazifai kulinganisha rangi, ingawa kwa umbo zinakubalika. Baadhi ya simu pia huhamia lenzi nyingine kimyakimya unapokaribia kitu. Kagua taarifa za faili uhakikishe urefu wa fokasi ni ule ule.

Nyumbani, chapisha picha mama kwa ukubwa wa A4. Juu ya karatasi chora jozi nne za "karibu na mbali": mahali ambapo sehemu ya sanamu inakutana na sehemu ya jengo la nyuma. Mfano: ncha ya kiwiko inagusa ukingo wa kulia wa dirisha la tatu, unywele wa juu uko robo ya dirisha chini ya ukingo wa paa. Andika kwa maneno pia. Jozi hizi ndizo ramani yako halisi.

## Hatua ya 5: Picha za karibu, kulingana na kitu sanamu ilichotengenezwa

Usipige tu panapopendeza. Piga pale ambapo mabadiliko huanzia.

Shaba na bronzi. Angalia mistari ya maji yanapotiririka, mashimo yanapotuama, na viungo vya vipande. Sanamu ya Uhuru ya New York, yenye ngozi ya shaba, ilizinduliwa 1886 ikiwa na rangi ya kahawia na miaka ishirini baadaye ilikuwa imegeuka kijani; kijani hicho tulivu ni ngozi inayoilinda. Kinachohitaji jicho ni unga wa kijani mpauko unaotoka kwa madoa na kurudi baada ya kufutwa, hasa karibu na bahari, kwa sababu chumvi ndiyo inayoila shaba. Kumbuka pia kuwa watunzaji hupaka nta. Sanamu iliyopakwa nta juzi huonekana nyeusi na yenye kung'aa, na mtu asiyejua hudhani imebadilishwa.

Sehemu zinazoguswa na watu ni hazina kwa kazi hii. Pua ya nguruwe wa Il Porcellino mjini Florence hung'aa kama dhahabu kwa kupapaswa, vivyo hivyo pua na pembe za Charging Bull wa New York. Ukifuatilia mpaka wa mng'ao huo mwaka hadi mwaka, utaona mikono ya mji mzima.

Chuma kinachojivika kutu. Sanamu ya Picasso mjini Chicago, iliyozinduliwa 1967 na yenye kimo cha mita 15 hivi, ni ya chuma cha namna hii. Kutu yake ikikauka vizuri hukaza na kulinda chuma kilicho ndani. Piga sehemu zisizokauka: pembe za ndani, chini ya mabamba, na mguu unapokutana na sakafu. Piga pia madoa ya rangi ya machungwa kwenye kitako.

Chuma cha pua kilichong'arishwa. Wewe mwenyewe utaonekana ndani yake. Vaa nguo za kijivu kila ziara na simama pale pale. Katika kazi kama Cloud Gate ya Anish Kapoor, Chicago, mji unaoakisiwa ni sehemu ya kumbukumbu, usijaribu kuufuta.

Marumaru na mawe ya chokaa. Panaponyeshewa husuguliwa na kuwa kama sukari. Pasiponyeshewa, chini ya kidevu na mikunjo ya nguo, hujenga ganda jeusi la jasi. Piga zote mbili. Mwanga wa kuparaza, unaotoka ubavuni, huonyesha kina cha mmomonyoko kuliko mwanga wa mbele.

Zege. Tafuta nyufa zinazofuata mstari ulionyooka. Mara nyingi ni nondo za ndani zinazopata kutu, zikivimba na kulisukuma zege nje.

Sanamu zilizopakwa rangi. Linganisha upande wa jua na upande wa kivuli. Piga fremu zenye pande zote mbili ndani yake.

Katika kila picha ya karibu weka rula, sambamba na uso, bila kuegemea sanamu. Usibandike gundi wala utepe juu ya sanamu hata kwa dakika moja. Na usipige picha za rangi sanamu ikiwa na unyevu: mawe na shaba vikilowa huiva rangi, na tofauti hiyo inaweza kuzidi ya miaka mitano. Subiri siku nzima ya ukavu baada ya mvua.

## Hatua ya 6: Kurudi kituoni

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Hufika, husimama "karibu pale pale", hupiga. Tazama maana ya "karibu": sanamu ikiwa mita 10 na jengo la nyuma mita 50, ukikosea sentimita 10 tu kwenda kando, sanamu husogea mbele ya jengo kwa pikseli karibu 47, kwa lenzi ya milimita 35 na picha yenye pikseli 6000 kwenye ukingo mrefu. Hiyo inatosha kuficha au kufichua ukingo mzima wa dirisha.

Fuata mpangilio huu, na rekebisha jambo moja kwa wakati mmoja.

1. Futi kwanza. Tafuta kituo kwa vipimo vitatu, tia chaki, simamisha tripodi, shusha timazi.

2. Kimo. Rudisha lenzi kwenye sentimita zilizoandikwa. Kisha tazama jozi za juu na chini. Sanamu ikionekana kushuka ukilinganisha na jengo, kamera iko juu mno: ishushe. Ikionekana imepanda, ipandishe.

3. Kushoto na kulia. Sanamu ikionekana imehamia kushoto mbele ya jengo, wewe uko kulia mno: sogea kushoto. Kanuni ni ile ile ya kimo, nayo hukumbukwa kwa maneno mawili: *ifuate sanamu*. Inapokimbilia, nenda huko.

4. Mbele na nyuma. Chagua umbali kati ya ncha mbili za sanamu, na umbali kati ya kingo mbili za jengo. Gawanya wa jengo kwa wa sanamu, kwenye picha mama na kwenye kioo cha kamera. Jengo likionekana kubwa kuliko lilivyokuwa dhidi ya sanamu, umerudi nyuma mno: songa mbele. Likionekana dogo, rudi nyuma. Hili husahaulika kwa sababu macho hukimbilia ukubwa wa sanamu peke yake, na ukubwa huo unaweza kudanganywa na lenzi.

5. Rudia 2 hadi 4. Kila marekebisho huvuruga kidogo yaliyotangulia. Mara tatu kwa kawaida zinatosha.

6. Pimamaji, kisha uelekeo. Kuizungusha kamera hapo hapo hakubadilishi jozi zako, ndiyo maana ni kazi ya mwisho. Anayeanza kwa kuzungusha kamera hadi sanamu ikae katikati hujidanganya kuwa amefika.

Tumia kioo cha kamera kikiwa kimekuzwa, jozi moja baada ya nyingine. Usitegemee kuona fremu nzima na kusema "inafanana".

Kama futi na jozi zinapingana, amini jozi, mradi vitu vya jozi havijaguswa. Kisha tafuta kwa nini futi imekataa: huenda kona imepigwa plasta mpya, au sakafu imeinuliwa. Andika ulichogundua.

Umefaulu ikiwa jozi zote nne zinakaa kama zilivyo kwenye karatasi. Jozi tatu sawa na moja pembeni kwa kawaida ina maana kuwa kitu kimoja kimehama kweli, na hapo umepata habari.

## Hatua ya 7: Andika kabla ya kuondoka

Kabla ya kukunja tripodi, andika: tarehe na saa ya UTC, kituo, kamera na lenzi, kimo, vipimo vitatu vya futi, hali ya hewa, siku ngapi tangu mvua, na lolote jipya karibu na sanamu. Kwa kamera, piga fremu moja ya kioo cha simu kinachoonyesha saa hadi sekunde. Saa za kamera huteleza kwa dakika kadhaa kwa mwaka, na fremu hiyo hukuwezesha kusahihisha.

Jina la faili libebe sanamu, kituo, tarehe na saa, kwa mpangilio huo: SANAMU01_K1_2025-06-21_0610Z (K1 ni kituo kikuu, Z ni UTC). Mwaka ukitangulia mwezi na siku, faili hujipanga zenyewe. Usiandike "mwisho" au "mpya" kwenye jina.

## Hatua ya 8: Hifadhi

Nakala tatu, katika aina mbili za vihifadhi, moja ikiwa nje ya jengo unaloishi. Weka faili ghafi kama zilivyotoka, pamoja na nakala ya TIFF ya biti 16 (aina ya faili ya picha inayofunguliwa na programu nyingi), kwa sababu faili ghafi za kamera moja huenda zisifunguliwe na programu za miaka ishirini ijayo. Daftari lichapwe kama maandishi matupu, lisikae ndani ya programu inayolipiwa kwa mwezi. Kila mwaka, siku ya ziara, fungua faili tano za miaka ya nyuma uone kama ziko hai. Diski usizisubiri zife. Zibadilishe zikiwa bado nzima.

## Hatua ya 9: Linganisha

Zilinganishe picha kwa kushika vitu vya nyuma, si sanamu. Kushika sanamu ni kosa la kitaalamu linalofanywa hata na wazoefu. Ukiipanga sanamu juu ya sanamu, na ikawa imeinama kwa sentimita mbili, umeufuta ushahidi kwa mkono wako. Chagua alama nne au zaidi kwenye majengo, zilizotawanyika pembe zote za picha, kisha acha programu isogeze, izungushe na ikuze tu. Ikidai kuipinda picha ili zilingane, kituo au uelekeo wa kamera haukuwa sawa. Andika hivyo, usilazimishe.

Rangi isahihishwe kwa kadi, kwa kiwango kile kile kwenye fremu nzima. Jicho lisiwe mwamuzi. Kadi yenyewe hufifia, kwa hiyo nunua mpya kila baada ya miaka michache na upige ya zamani na mpya pamoja siku moja.

## Yatakayoharibika, na la kufanya

Kamera imekufa au umenunua mpya. Kama ya zamani bado inafanya kazi, piga kituo kikuu kwa zote mbili siku moja. Kihisi kidogo cha 1.5, yaani kilicho kidogo mara 1.5 kuliko kihisi kamili, kinahitaji lenzi ya milimita 23 au 24 kuona kile kinachoonwa na ya 35. Usisogee mbele wala nyuma ili "kuijaza fremu". Baki kituoni, kata baadaye.

Majukwaa ya mafundi yameizunguka sanamu. Piga hivyo hivyo. Picha ya sanamu ikiwa imefunikwa ndiyo itakayoeleza kwa nini mwaka unaofuata inang'aa.

Mti au kibanda kimeziba kituo. Ukiuona mti unakaribia, fungua kituo cha K1B mapema na upige vyote viwili kwa miaka miwili. Ukisubiri hadi pazibe, uzi umekatika.

Sanamu imehamishwa. Endelea kupiga pale ilipokuwa, patupu palivyo, angalau mara tatu. Huko ilikohamia anza kituo kipya chenye namba mpya.

Umekosa mwaka. Usipige miezi minne baadaye kwa jina la mwaka huo. Acha pengo, liandike, subiri dirisha lijalo.

## Hatua ya 10: Jaribio la mrithi

Kazi ya miaka mingi huzidi umri wa kamera, na pengine wa mpigapicha. Andaa ukurasa mmoja: ramani iliyochorwa kwa mkono, vipimo vitatu vya kila kituo, kimo cha lenzi, jozi nne, tarehe na saa, na mahali zilipo nakala. Weka ndani ya bahasha pamoja na picha mama.

Kisha mpe mtu ambaye hajawahi kufika hapo. Usiandamane naye, usijibu simu zake. Apige fremu moja kutoka kituo kikuu na kutia chaki chini ya lenzi. Nenda ukapime. Chaki yake ikiwa ndani ya sentimita tano za yako, mfululizo wako uko salama. Ikiwa nje ya hapo, mwulize ni mstari upi wa ukurasa uliomchanganya, uurekebishe jioni hiyo hiyo.